Mchoraji Aliyeanza na Anga

Katika picha nyingi za mandhari, anga ni pazia tu, limetundikwa nyuma ya miti na nyumba ili turubai lisibaki tupu. Alfred Sisley hakulikubali hilo. Katika barua aliyomwandikia mhakiki Adolphe Tavernier alieleza kwamba anga haliwezi kuwa usuli mtupu, na kwamba yeye huanza nalo kila mara. Ukilijua hilo moja tu kuhusu Sisley, umeshamjua zaidi ya nusu.

Alizaliwa Paris mwaka 1839, wazazi wake wakiwa Waingereza. Baba alitaka awe mfanyabiashara, akampeleka London akajifunze; kijana akarudi na hamu ya brashi. Katika karakana ya Charles Gleyre alikutana na Claude Monet, Auguste Renoir na Frédéric Bazille, wakawa wanatoka pamoja kwenda kuchora nje, karibu na msitu wa Fontainebleau. Zamani safari ya namna hiyo ilikuwa na adha yake, kwani rangi za mafuta zilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, zikivuja na kukauka. Tangu Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati mwaka 1841, mchoraji aliweza kuzibeba hadi ukingoni mwa mto na kuzifungua palepale, jua likiwa bado halijahama.

Tuitazame picha yake ya mafuriko ya Port-Marly, ya mwaka 1876. Mto Seine umepanda barabarani. Kushoto imesimama nyumba ya muuza mvinyo, maji yakiwa mlangoni. Upande wa pili miti imejipanga ndani ya maji, na mashua zinapita mahali pa kupita watu kwa miguu. Hakuna anayelia. Sisi tuliozoea picha za mafuriko magazetini tunaweza hata kumlaumu kwa utulivu huo. Lakini inua macho: zaidi ya nusu ya turubai ni mawingu, mazito kwa chini, yamepasuka hapa na pale buluu ikachungulia. Kisha yashushe majini. Kijivu kile kile, buluu ile ile, safari hii imekatwakatwa kwa mipigo mifupi ya brashi ya ulalo, na katikati yake umeingia umanjano wa ukuta wa nyumba. Brashi iliyozungushwa kwa upole juu, chini inatembea kwa haraka. Maji hayakupewa rangi yake yenyewe hata kidogo. Rangi zake zote zimeazimwa kutoka kwa anga na ukuta. Ndiyo maana unaisikia hewa yenyewe, ile hewa yenye unyevu baada ya mvua, ingawa hewa haichoreki.

Theluji yake nayo si nyeupe. Katika picha za Louveciennes na Marly, vijiji alivyoishi miaka ya 1870, vivuli juu ya theluji vina buluu, pengine zambarau. Wengi waliozoea vivuli vya kahawia waliona ni kichekesho, kumbe jicho lake lilikuwa sahihi: mahali jua lisipofika moja kwa moja, mwanga unaobaki ni ule unaoshuka kutoka angani, na anga ni buluu. Hata kivulini, basi, kazi inaanzia juu.

Nitasema wazi kwamba kwa anga namweka Sisley mbele ya Monet. Monet alipolichora kanisa kuu la Rouen tena na tena, mwanga ulilimeza jiwe hadi likawa kama linayeyuka. Sisley alilichora kanisa la Moret-sur-Loing mara nyingi mwaka 1893 na 1894, asubuhi, jioni, baada ya mvua. Jiwe likabaki jiwe, na kilichobadilika ni hewa inayolizunguka. Si kila kazi yake imefaulu. Baadhi ya zile za miaka ya 1880 zina rangi kali kuliko mandhari yenyewe inavyohimili. Za Port-Marly hazina kasoro hiyo.

Umaskini haukumwacha. Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vilimfilisi baba yake, na picha za Sisley mwenyewe ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Aliomba uraia wa Ufaransa asiupate, akafa Moret mwezi Januari 1899. Mwaka uliofuata picha ya mafuriko iliuzwa kwa faranga 43,000 katika mnada wa mali ya Tavernier huyohuyo. Aliyeinunua, Isaac de Camondo, aliiachia serikali ya Ufaransa pamoja na mkusanyo wake.

Leo picha hiyo ni mali ya jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Ukijaliwa kufika, umati utakuvuta kwa Monet na Van Gogh. Wapishe wapite, mtafute Sisley, na ukimpata anza kutazama kutoka juu.