Cheni Tatu kwa Mwaka Mmoja: Tulichokikuta Kwenye Gurudumu la Nyuma

Mdogo wangu anaendesha bodaboda kati ya Muheza mjini na Amani. Aliyewahi kupanda barabara ile anaijua: lami ikiisha ni udongo mwekundu, mawe, na kona baada ya kona ndani ya msitu wa Usambara Mashariki. Kupanda anabeba abiria na mizigo ya dukani. Kushuka anabeba gunia la iliki au mdalasini, na mwenye gunia amekaa nyuma yake. Pikipiki ni ya cc 150, ya kawaida, kama zinazojaa kila kijiwe. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imekula seti tatu za cheni.

Ya tatu ilipoanza kulia alinipigia simu. "Kaka, na hii nayo feki." Nikamwomba asinunue nyingine mpaka nifike. Cheni feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini cheni tatu, za maduka matatu, zote kufa kwa namna moja? Hapo nilianza kuishuku pikipiki kabla ya kulishuku duka.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye tangu tukiwa wadogo tunamwamkia shikamoo. Aliisikiliza ikizungushwa gurudumu, akasema, "Wanangu, msifungue kitu kwanza. Pimeni." Akatuletea rula ya chuma.

Cheni nyingi za bodaboda zetu zimegongwa namba 428 kwenye mabati ya pembeni. Ile 4 ya mwanzo inahesabu umbali wa pini hadi pini kwa vipande vya moja ya nane ya inchi. Vipande vinne ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mbili za mwisho zinaeleza upana. Kwa hiyo cheni mpya ya 428 ukihesabu pingili 20 na kupima pini hadi pini unapata milimita 254, iwe imetengenezwa India, China au Japani. Tuliivuta cheni ikanyooka, tukapima pingili 20. Rula ikasoma 261.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika popote. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi ndogo, na pale zinapogusana ndipo zinapolana. Kipande kinacholika ni chembamba kuliko ukucha, kwa hiyo ukiangalia pingili moja huoni kitu. Ila cheni hii ilikuwa na pingili 116 (ilikuja na 118, mtu akakata mbili ili akaze tena). Milimita 7 katika pingili 20 ni karibu theluthi moja ya milimita kwa kila pingili, na ukizidisha kwa pingili zote unakaribia sentimita 4. Cheni ilikuwa imerefuka kwa zaidi ya urefu wa pingili tatu. Mimi huitoa cheni kabla ongezeko halijafika asilimia 2, yaani milimita 259 kwa pingili 20. Hii ilishapita huko.

Sproketi zilisema hivyohivyo. Pingili zikiachana kupita kipimo, rola hazikai tena shinani mwa jino. Zinapanda juu na kuliburuta jino kuelekea upande mmoja. Meno ya nyuma yalishapinda kama ndoana. Ya mbele yalikuwa mabaya zaidi, na sababu inahesabika: mbele kuna meno 14, nyuma 42. Gurudumu likizunguka mara moja, sproketi ya mbele imezunguka mara tatu, kwa hiyo kila jino lake limepigwa mara tatu. Pamoja na hayo, mara zote tatu ile ya mbele ndiyo iliyoachwa. Mara mbili alinunua cheni na sproketi ya nyuma tu, mara moja cheni peke yake. Cheni mpya ikikutana na meno yaliyokwisha kuzoea cheni ndefu, inaanza maisha ikiwa na jeraha. Simlaumu. Anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni ananunua kile ambacho mfuko wa siku hiyo unaruhusu.

Lakini sproketi kuukuu haitoshi kueleza cheni tatu. Fundi akaupitisha mkono chini ya cheni, katikati ya sproketi mbili, akaisukuma juu. Ilicheza kidogo sana, kama sentimita 1. "Nani anakaza hivi?"

"Mimi, mzee. Kila asubuhi. Ikilegea itaruka njiani."

Hofu yake ina msingi, maana cheni iliyolegea kupita kiasi huruka kweli. Ila kosa lilikuwa kwamba anakaza pikipiki ikiwa tupu, juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia. Tukafanya jaribio. Tulilegeza hadi mchezo ukawa milimita 25 pikipiki ikiwa juu ya stendi. Kisha tukaishusha, mdogo wangu akakaa, mimi nikakaa nyuma yake, na gunia la mkaa la fundi likafungwa kwenye keria. Fundi akainama na rula. Milimita 25 zilikuwa zimebaki 8.

Hakuna aliyegusa nati yoyote. Kilichotokea ni hiki. Gurudumu la nyuma linashikwa na swingamu, mkono wa chuma unaopanda na kushuka ukizungukia bolti kubwa nyuma ya injini. Sproketi ya mbele haiko kwenye bolti ile. Iko mbele yake kidogo. Shokapu zikiwa hazina mzigo, swingamu imeinama kwa chini, na sproketi ya mbele, bolti na ekseli ya nyuma zinafanya kona. Mzigo ukikaa, swingamu inapanda na kona inanyooka. Vituo hivyo vitatu vinapokuwa kwenye mstari mmoja, umbali kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma unafika mwisho wa urefu wake. Hapo cheni inahitajika kuwa ndefu kuliko ilivyokuwa juu ya stendi, na ziada pekee iliyonayo ni ule mchezo uliouacha.

Sasa mchukue mdogo wangu na sentimita yake moja. Anatoka Muheza na watu wawili, anaingia kwenye shimo, shokapu zinazama, cheni inaishiwa urefu kabla shokapu hazijafika chini. Kuanzia hapo cheni ndiyo inayoshikilia uzito wa watu. Pini zinasagwa kwenye bushi, na nguvu ile ile inaivuta shafti inayotoka kwenye giaboksi. Fundi alifungua kifuniko cha sproketi ya mbele ili tuone kwa macho. Ndani kulikuwa na tope jeusi la oili na udongo, zito kama lami. Tukalikwangua kwa bisibisi, tukapangusa, tukawasha injini. Tone likatokea nyuma ya sproketi, kwenye seli ya shafti, likaning'inia, likadondoka. Oili iliyokuwa ikipungua kila wiki, ambayo mdogo wangu alidhani injini inaiunguza, ilikuwa ikitokea hapo.

Ningeweza kuishia hapo na ningekuwa nimepata mkosaji mkuu. Ila fundi alizungusha gurudumu akatuonyesha mabati ya ndani ya cheni: upande mmoja yaling'aa kama kijiko, mwingine yana kutu. Cheni ilikuwa inajikwaruza ubavuni mwa sproketi. Alama za kukazia pande zote mbili za swingamu zilisoma sawa, mstari wa tano huku na wa tano huku. Akachukua uzi, akapima kutoka katikati ya bolti ya swingamu hadi katikati ya ekseli, kulia kisha kushoto. Tofauti ilikuwa milimita 4. Pikipiki ile iliwahi kuanguka na gunia. Tangu siku hiyo alama hazisemi kweli, na gurudumu limekuwa likielekea kando kidogo huku kila fundi akiziamini. Siku hizi mimi hupima kwa uzi kwanza, alama nazitazama baadaye.

Gurudumu lilipotoka, jambo la mwisho lilijionyesha lenyewe. Sproketi ya nyuma haikufungwa moja kwa moja kwenye habu. Kati yake kuna raba zinazomeza mshtuko kila unapofungua mafuta au kubadili gia. Ukishika sproketi kwa mikono miwili na kuipinda inatakiwa iwe ngumu, icheze kidogo sana. Hii ilienda na kurudi kwa upana wa kidole. Tulipoinyanyua, raba zilikuwa zimesagika na unga mweusi umejaa ndani. Kila klachi ilipoachiwa ghafla kwenye kilima, pigo lile lote lilienda kwenye pini za cheni. Raba hizo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye duka la spea, na katika mabadiliko yote matatu hakuna aliyeziangalia, ingawa mara mbili zilikuwa mbele ya macho.

Kazi yenyewe ilichukua saa chache. Sproketi mbili na cheni vilinunuliwa pamoja, raba mpya, seli mpya. Kabla ya kuivalisha cheni tulihesabu pingili, 118, na kupima 20 kati ya hizo: 254. Sehemu niliyomwomba mdogo wangu aifanye kwa mkono wake ni klipu ya kiungio. Ni kibati chembamba chenye umbo la samaki, mdomo upande mmoja na mkia uliopasuka upande wa pili. Upande uliofunga ndio unaotangulia kule cheni inakoelekea. Mpasuko ukitangulia, jiwe au ukingo wowote utakaougusa unaweza kuisukuma klipu ikatoka. Aliiweka, akazungusha gurudumu kwa mkono, akaiangalia ikipita juu ikienda mbele, kisha chini ikirudi nyuma, mpaka akaridhika.

Nilisisitiza hapo kwa sababu ya ile barabara. Kushuka kutoka Amani, gia ndogo ndiyo inayoizuia pikipiki isikimbie, na gia haina njia nyingine ya kulifikia gurudumu isipokuwa kupitia cheni. Ikikatika kwenye mteremko, anabaki na breki tupu, na watu wawili, na gunia. Na hiyo ni nafuu, maana cheni iliyokatika inaweza kujisokota kwenye sproketi ikalifunga gurudumu, au ikapasua ganda la injini.

Mchezo tuliuweka milimita 30 juu ya stendi. Kitabu chake kinaruhusu 20 hadi 30, na kwa mtu anayebeba mzigo kila siku mimi nachagua mwisho wa juu. Cheni haichakai sawasawa pande zote, kwa hiyo kwanza tulizungusha gurudumu kutafuta mahali inapokaza zaidi, tukapima hapo. Tukakaa tena wawili na gunia, ukabaki milimita 12. Kisha ekseli ikakazwa, pini ya kupasua ikarudishwa, na fimbo ya breki ya nyuma ikarekebishwa, kwa sababu gurudumu likisogea breki nayo imesogea, na taa ya breki pamoja nayo.

Kuhusu oili nina ugomvi wa muda mrefu na vijiwe. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini inabeba vumbi la chuma, na kuimwaga kwenye cheni ni kupaka msasa wa maji. Grisi nayo haipenyi. Inabaki nje ikikusanya mchanga. Tunasafisha kwa mafuta ya taa na brashi, tunapangusa ikauka, tunaweka oili ya gia ya namba 90. Inadondoshwa kwenye uso wa ndani wa cheni ya chini, tone kwa tone kwenye maungio ya mabati, gurudumu likizungushwa kwa mkono na injini ikiwa imezimwa. Cheni inapozunguka huirusha oili kwenda nje, kwa hiyo ukiiwekea ndani itapita katikati ya pini njiani. Jioni ndiyo saa yake, cheni ikiwa bado na joto, ilale nayo usiku kucha.

Tulirudisha kitu kimoja zaidi. Pikipiki ilikuja na boksi la bati linaloficha cheni nzima. Liliondolewa zamani kwa sababu lilikuwa linapiga kelele. Lilikuwa linapiga kelele kwa kuwa cheni ilikuwa inaligonga. Mwaka 1976 Honda ilipotoa CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa nchi ambazo matengenezo hucheleweshwa na ambayo injini yake viwanda vya China vimeiiga mpaka ikajaa barabarani kwetu, zile zilizouzwa Uingereza na Pakistani ziliificha cheni yote ndani ya boksi kama hilo. Walioibuni walilijua tope. Tulilikuta boksi letu nyuma ya nyumba, kuku wamelifanya kiota, tukalinyoosha kwa nyundo na kulifunga.

Miezi mitatu imepita, masika ikiwemo. Wiki iliyopita mdogo wangu alipima mwenyewe, akanitumia picha: pingili 20, milimita 255. Amekaza mara mbili tu tangu siku ile, na chini ya sproketi ya mbele hakuna tone. Bado gurudumu linatikisika kidogo ukilisukuma ubavuni. Fundi anasema ni bushi za swingamu, na tumepanga kuzifungua mvua zikikatika.