Vitabu vya Kuijenga Imani na Msomaji wa Keroka

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuvipita vitabu vya dini kama mtu apitaye mlango wa jirani asiyemdai wala kudaiwa naye. Riwaya na tamthilia hutafutiwa itikadi na falsafa. Kitabu kilichoandikwa ili kumtia moyo Mkristo huachiwa mchungaji na padre. Mgawanyo huu umeitia hasara elimu ya lugha. Katika mji kama Keroka, uliokaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira katika barabara iendayo Sotik, kitabu cha Kiswahili akisomacho mtu mzima kwa hiari yake, bila ya kutishwa na mtihani, aghalabu ni kitabu cha dini. Kwa hiyo swali la vitabu gani vifaavyo kupendekezwa kwa msomaji huyo si swali la kanisa peke yake. Ni swali la Kiswahili kipi kinachoaminika kuyabeba mambo mazito ya maisha ya mtu ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake.

Historia ya usomaji katika Ugusii yatoa sababu. Waadventista walioanzia Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, walifika Nyanchwa katika muongo uliofuata. Wakatoliki nao wakajenga Nyabururu. Walutheri walianza kazi Itierio mwaka 1948. Mwaka huohuo lilitoka Agano Jipya la Ekegusii, lakini Biblia kamili ya lugha hiyo, Ebibilia Enchenu, haikupatikana hadi 1988. Kwa miaka 40, basi, Mgusii aliyetaka kumsoma Ayubu au Isaya kitabu kizima ilimbidi aazime lugha ya watu: Kiingereza akikijua, Kijaluo akikisikia, au Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Asiyekumbuka jambo hili hawezi kuelewa kwa nini kuna wazee wa milimani wanaozungumza sokoni Kiswahili cha kubabaisha, na papo hapo wanazijua Zaburi katika Kiswahili sanifu kisicho na doa.

Katika vitabu vyote visivyokuwa Maandiko yenyewe, kinachostahili kutangulizwa ni Safari ya Msafiri, tafsiri ya hadithi ya John Bunyan iliyotoka Uingereza mwaka 1678. Kiswahili kimekuwa na tafsiri ya kitabu hiki tangu karne ya 19. Isabel Hofmeyr, katika utafiti wake wa mwaka 2004, ameonyesha kwamba kitabu hiki kimefasiriwa katika lugha 80 hivi za Afrika, na kwamba heshima yake huko kwao Uingereza ilipata nguvu kutokana na safari zake za ng'ambo. Hoja hiyo ni nzito, lakini haijaeleza kwa nini mtu wa Keroka akipende. Sababu ya kwanza imo katika umbo lake. Imani humo haielezwi, hutembezwa. Mtu anao mzigo mgongoni, hawezi kuutua, na hakuna jirani awezaye kumtua. Mkulima wa chai wa nyanda hizi, apandaye kilima na kikapu mgongoni mpaka kituo cha kupimia majani, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia taswira hiyo. Tena njiani lipo soko ambalo msafiri hana budi kulipita, kwani barabara yenyewe imepita katikati yake. Mfafanuzi wa Kiingereza huenda akajaza ukurasa mzima akieleza kwa nini Bunyan hakumpitisha msafiri wake pembeni. Msomaji ambaye mji wake ni soko lililozaliwa na barabara hukubali mara moja.

Sababu ya pili ni kwamba kitabu hiki hakimfichi msomaji hofu ya shujaa wake. Msafiri huzama topeni, hupotea njia, hufungwa na jitu, na hata ukingoni mwa mto wa mwisho bado anaogopa. Kitabu cha kutia moyo kisichokuwa na mtu aliyevunjika moyo ni tangazo la biashara. Hapa ndipo vitabu vingi vya siku hizi, vinavyoahidi ushindi katika kila ukurasa, vinapomwacha msomaji wao mahali palepale alipokuwa. Yafaa ikumbukwe pia kwamba mbegu hiyohiyo imeota katika shamba jingine: Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikikuyu mwaka 1980, aliurithi mtindo huu wa mafumbo ya safari na majaribu akaugeuza kuwa silaha ya dhihaka. Idara inayofundisha Shetani Msalabani bila ya kumgusa Bunyan inawafundisha wanafunzi tawi bila shina.

Kasoro ya tafsiri za aina hii ni moja, nayo si ndogo. Jina la mfasiri mara nyingi halionekani, na wasaidizi Waafrika waliosahihisha sentensi na kuchagua maneno hawatajwi kabisa. Msomaji hupewa Kiswahili kana kwamba kimeshuka kutoka mawinguni.

Kitabu cha pili ni Njia Salama, ambacho ni Steps to Christ cha Ellen White, kilichotoka Chicago mwaka 1892. Katika nchi yenye Waadventista wengi kama Ugusii hakihitaji kutambulishwa. Ni kifupi, kina sura 13, na mpango wake ni wa kupanda ngazi: kutoka upendo wa Mungu, kupita toba na maungamo, hadi furaha. Hakina hadithi, wala msafiri wa kumfuata. Nguvu yake yote imo katika sauti ya mshauri anayemkabili msomaji mmoja. Sauti hiyo hufaa kusomwa faraghani, na haivumilii vizuri kusomewa kundi. Sura iliyo bora ni ile ya 12, ihusuyo mashaka. Mwandishi akiri humo kwamba Mungu hakuuondoa uwezekano wa kutilia shaka, bali ametoa ushahidi wa kutosha wa kuijengea imani. Hilo ni neno la heshima kwa akili ya msomaji. Lakini sura hiyohiyo hutaja kupenda dhambi kuwa chanzo cha mashaka mara nyingi, na hapo mhakiki hana budi kusimama. Mama aliyemzika mwanawe akaanza kuuliza maswali hatafarijiwa kwa kuambiwa achunguze dhambi yake. Kwa mtu huyo Ayubu ni mshauri bora, naye asipewe Njia Salama mpaka kilio kipoe.

Inapendeza kwamba kitabu cha tatu si tafsiri. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyeishi kutoka 1917 hadi 1969, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu uliochapwa Ndanda mwaka 1963. Umbo alilolitumia ni lile la beti za mishororo minne, mizani nane kwa mshororo, na kina cha mwisho kinachokwenda utenzi mzima. Ndilo umbo la Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, nyumba iliyojengwa na washairi Waislamu wa pwani. Mtu wa bara, ambaye Kiswahili alijifunza, aliingia nyumba hiyo bila ya kuvunja kitasa akaweka ndani yake maisha ya Yesu. Kwa msomaji wa Keroka, ambaye naye ni Mbantu wa bara, mfano huo peke yake ni faraja. Hata hivyo pendekezo hili lina sharti. Utenzi hutungwa ili uimbwe, na milimani hakuna sauti ya utenzi. Waumini wana sauti za nyimbo za kizungu zilizopangwa pande nne. Mkononi mwa mtu asiye na lahani, mizani nane hugeuka kuwa hatua za askari. Walimu wa lugha wangefanya kazi ya maana kama wangeufundisha uimbaji wake kabla ya kuuhesabu vina.

Kuhusu Tenzi za Rohoni na Nyimbo za Kristo hakuna haja ya maneno mengi. Ni vitabu vipendwavyo kuliko vyote vilivyotajwa, na hupendwa kwa sababu ya sauti zake. Hicho cha kwanza kimelichukua jina la tenzi bila ya kanuni zake, nacho cha pili, kama hicho cha kwanza, mara kwa mara hulazimisha mkazo wa neno uangukie silabi isiyokuwa yake. Waimbaji hawalalamiki.

Zimebaki Zaburi. Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1977, ni nyepesi na hufaa kwa kijana, lakini katika ushairi wa kale Biblia ya Muungano bado haijapata mshindani: mwendo wa sentensi zake humpa msomaji mahali pa kuvuta pumzi, jambo linalojulikana na kila aliyeisoma kwa sauti matangani. Msomaji wa Keroka angefanya vema kuiweka kando ya Ebibilia Enchenu na kusoma zaburi ileile mara mbili. Atakuta kwamba Kiswahili humwita Mungu kwa neno la Kibantu, kisha huazima Kiarabu kwa neema, toba na dhambi, maneno ya aina ambayo Karl Roehl alijitahidi kuyapunguza katika Biblia yake ya mwaka 1937 asifaulu kuwashawishi wasomaji. Ekegusii nacho kimemwita Nyasae, jina lionekanalo kutoka kwa jirani Mjaluo, huku wazee wakikumbuka kwamba kabla yake palikuwa na Engoro.