Nyufa Zinazolinda Jiko

Pale Shauri Moyo, Nairobi, nyundo za jua kali hazipumziki. Mabati ya mapipa chakavu yanakunjwa, yanapigwa ribiti, yanageuka majiko ya mkaa yenye kiuno chembamba. Wapita njia husimama kumtazama fundi wa mabati. Sifa zangu mimi zinamwendea zaidi mfinyanzi aliyeumba bakuli la udongo linalokaa juu ya kiuno kile, kwa kuwa ndilo linalobeba adhabu yote ya moto.

Mkaa ukikolea, uso wa ndani wa bakuli unataka kutanuka ilhali upande wa nje bado ni baridi. Udongo uliochomwa huvumilia sana kugandamizwa, lakini ukivutwa hukatika upesi. Ndiyo maana kupoa ghafla ni hatari kuliko kupata moto ghafla. Maji yakimwagika, uso husinyaa wakati mwili wake bado umetanuka. Uso unavutwa pande zote, na ufa unazaliwa.

Mtu angedhani dawa ni kuushindilia udongo usibaki hata kitundu. Sivyo. Alumina safi iliyoshikamana, yaani kauri ya oksidi ya alumini, ni imara kuliko tofali la tanuri, lakini ukiitoa motoni na kuitumbukiza majini, tofauti ya joto ya nyuzi 200 hivi inatosha kuiondolea sehemu kubwa ya nguvu zake kwa mara moja. Mwaka 1969 mtaalamu D. P. H. Hasselman alieleza kwa nini: kilicho imara hulimbikiza mkazo mwingi kabla ya kupasuka, na kikipasuka, mkazo wote huo huukimbiza ufa mbali. Tofali lenye punje, vitundu na nyufa ndogondogo huanza na nguvu kidogo, ila huzipoteza polepole. Ufa ukikuta punje, unapinda. Ukikuta kitundu, ncha yake inakuwa butu, unakwama.

Wafinyanzi walikuwa wakiifanya kazi hiyo ya kuukwamisha ufa karne nyingi kabla ya hesabu hizo. Husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, huchekecha, huchanganya na udongo mbichi. Wengine hutia mchanga. Kipimo ni vidole: husokota kijiti cha udongo na kukizungusha kidoleni. Kikichanika, vigae vimezidi. Kikinata mno, havitoshi. Naustahi sana uamuzi huo unaofanyika kwa ngozi ya kidole, maana kosa lake halionekani mpaka motoni.

Tanuri nalo lina masharti. Punje za mchanga hutanuka ghafla zikifika nyuzi 573, na zikishuka hapo husinyaa ghafla vilevile. Kwa hiyo fundi hafungui tanuri mapema, hata mteja akimsimamia mlangoni. Bakuli likishapoa kabisa, huligonga kwa kifundo cha kidole: lililo zima hulia, lenye ufa mkubwa hutoa mlio mfu.

Hatimaye hulikalisha ndani ya bati kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayobonyea, kwa sababu bati hutanuka zaidi ya udongo na lingeuchana.

Basi ukinunua jiko jipya, liwashe kwanza kwa mkaa kidogo. Na ukimaliza kupika, tafadhali usilimwagie maji: funika mkaa kwa jivu, au uutoe uuzimie pembeni.