Hodi Mlangoni mwa Sura

Ukitaka kumjua A. W. Tozer kama mwandishi, tazama kwanza anaiweka wapi sala. Katika The Pursuit of God, kitabu cha mwaka 1948, sura zote 10 zinafungwa kwa sala. Katika The Knowledge of the Holy, kilichotoka 1961, sala imepanda juu: kila sura inaanza nayo. Ni miaka 13 tu, lakini kwangu mimi kuhama huko kwa sala kunaeleza ukuaji wa mwandishi huyu zaidi kuliko tarehe zozote za maisha yake.

Tarehe zenyewe ni chache. Alizaliwa 1897 katika familia ya wakulima huko Pennsylvania, Marekani. Shule aliiacha mapema, akiwa kijana akafanya kazi katika kiwanda cha matairi mjini Akron, na chuo cha theolojia hakukikanyaga kama mwanafunzi. Alijisomea mwenyewe: wacha Mungu wa kale, washairi, watunzi wa tenzi za rohoni. Kuanzia 1928 hadi 1959 alichunga kanisa moja Chicago, na alifariki Toronto mwaka 1963.

Sasa tusome. Sura ya pili ya kitabu cha kwanza inamhusu Ibrahimu na Isaka. Mwandishi aliyezoea kwenda mbio hapa anapunguza mwendo. Anamwonyesha mzee aliyempata mtoto uzeeni, anamwacha mtoto akue mpaka aujaze moyo wa baba, kisha anakaa na usiku ule wa uchungu kabla ya safari ya Moria, kwenda kumtoa mwanawe sadaka. Muda wote huo msomaji ni mtazamaji, anamhurumia mzee wa watu. Ndipo inapokuja sala, na nafsi inabadilika ghafla: “yeye” inakuwa “mimi”. Anayesema sasa ana moyo mwoga, unaong'ang'ania vitu vyake, na anaomba ving'olewe humo hata kama utatoka damu. Msomaji akifuatisha maneno hayo, tayari yuko mlimani na kisu mkononi. Hoja peke yake isingemfikisha huko. Kiwakilishi kimoja kimemfikisha.

Kitabu cha pili kina kazi ngumu zaidi. Kinazungumzia sifa za Mungu, jambo ambalo wenye shahada huliandikia majuzuu. Sura ni 23, nyingi fupi, na mkono wa mtu aliyekuwa akihariri gazeti la kanisa tangu 1950 unaonekana: hapotezi neno. (Kuna mahali ufupi huo unamponza, sifa nyingine zinaguswa na kuachwa kabla hazijaiva.) Kila mlango wa sura umewekewa sala, nami naisoma kama hodi. Haingii kueleza kabla hajabisha. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na tenzi hahitaji kufundishwa jambo hili, maana watunzi wetu wa zamani hawakuanza kisa bila kumtaja Mwenyezi na kumwomba msaada.

Kiingereza cha sala hizo ni cha Biblia ya King James, chenye “wewe” ya kale isiyotumika tena sokoni wala nyumbani. Kwa Tozer, kutoka kwenye maelezo hadi kwenye sala ni kama kuvua viatu. Kiswahili kina “wewe” moja tu, kwa hiyo mfasiri analazimika kuitafuta heshima hiyo kwingine, katika “Ee” na katika mpangilio wa maneno. Nakiri kuwa mara nyingine vazi hilo la Kiingereza cha kale linamzidi Tozer kimo, hasa anapopanga sifa juu ya sifa.

Lakini soma sala inayofungua sura ya Utatu. Anaanza kwa kuisifu lugha yake ya Kiingereza, utajiri wake na muziki wake. Kumbuka ni nani anayesema: mtu ambaye hakuna mwalimu wa chuo aliyemkabidhi lugha hiyo, aliyeichuma neno kwa neno katika vitabu alivyojitafutia. Na papo hapo anakiri kwamba mbele za Mungu lugha hiyo yote ni maskini na haina tuni, kisha, kama Ayubu, anaweka mkono kinywani. Baada ya hapo ndipo sura inaanza, na sentensi zake zinakwenda polepole, kama mtu anayekanyaga ardhi takatifu.