Jina "Kadogo" katika Tawasifu ya China Keitetsi

Msemaji wa Kiswahili wa Dilala, mjini Kolwezi, hasemi "kitoto" bali "katoto", na wakiwa wengi "tutoto". Kiambishi ka- kwake kina mapenzi ya nyumbani. Kwa hiyo, mwaka 1997, majeshi ya AFDL yalipoiteka Katanga yakiwa na watoto wenye bunduki walioitwa "kadogo", neno hilo halikuhitaji kufasiriwa.

Hata hivyo, jina hilo lilikwisha kutumika kambini kabla ya hapo. Nchini Uganda, jeshi la NRA, lililoitwaa Kampala Januari 1986, liliwaita hivyohivyo askari wake watoto. Mmoja wao, China Keitetsi, alitoroka mwaka 1995, akaishi Afrika Kusini, na mwaka 1999 akapokewa Denmark kama mkimbizi. Huko ndiko tawasifu yake ilikochapishwa kwa Kideni mwaka 2002.

Ni rahisi kuisoma tawasifu hii kama ushahidi wa vita tu. Kwa maoni yetu, uzito wake wa kifasihi umo katika suala la jina. "Kadogo" humtaja mtoto kama kiumbe wa kulindwa, ilhali katika masimulizi haya mtoto ndiye anayewalinda maofisa, na baadhi ya wakubwa hao ndio wanaomdhulumu mwili wake. Mapenzi yaliyomo katika kiambishi yanakuwa pazia la udhalimu. "China" nalo ni jina la kambini: alipewa kwa sababu ya umbo la macho yake.

Je, mbona mkimbizi anayejenga maisha upya anaendelea kujiita kwa jina la jeshi? Msomaji anaweza kuona hapo dalili ya kushindwa. Sisi tunaona kinyume chake. Kambini jina hilo lilitumiwa kumwamrisha. Juu ya jalada ni la mwandishi, na wanaotajwa katika kisa sasa ni wale waliomwamrisha.

Hoja hii inamhusu pia mfasiri. Akiandika "askari mtoto", maana ya kisheria itabaki lakini kejeli itapotea. Akiandika "kidogo", hatasema kitu. Inafaa "kadogo" libaki lilivyo. Msomaji wa Dilala atasikia humo sauti ya mama na sauti ya kamanda kwa pamoja, na bila sauti hizo mbili dhuluma inayosimuliwa haieleweki kikamilifu.