Ndege, Bati na Waya wa Ethi

Robini wa Ulaya ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa, anayehama usiku. Mwaka 1972, Wolfgang na Roswitha Wiltschko wa Frankfurt walionyesha kwamba dira yake haitofautishi ncha ya kaskazini na ya kusini. Ndege huyu hufuata mwinamo wa uga wa sumaku wa dunia.

Namna ya kumhoji ndege inanivutia kuliko hata jibu lake. Msimu wa kuhama ukifika hatulii. Basi anatiwa kwenye faneli iliyotandikwa karatasi inayoshika kila mkwaruzo, anaachwa humo saa nzima kwenye mwanga hafifu. Anaruka na kuteleza, anaruka tena, na kucha zake zinaacha michirizi minene upande anaotaka kwenda. Kisha watu wawili, kila mmoja kivyake, wanaisoma michirizi hiyo bila kujua ndege alikuwa katika hali gani. Anayetamani jibu fulani hapati mwanya.

Katika Chuo Kikuu cha Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, timu ya Henrik Mouritsen iliwaweka ndege hao kwenye vibanda vya mbao, na kwa miaka kadhaa wakawa wanachora ovyo, kila upande. Nils-Lasse Schneider akapendekeza vibanda vifunikwe kwa bati la aluminiamu lililounganishwa ardhini kwa waya wa ethi. Bati hilo huupitisha uga tuli wa dunia, lakini huzuia mawimbi ya redio. Ndege wakashika njia yao: kaskazini, kama ipasavyo majira ya machipuko.

Mwenye haraka angetangaza papo hapo. Wao waliendelea kujitilia shaka. Walichomoa waya wa ethi, bati likabaki palepale: ndege wakapotea. Waliurudisha: wakaiona njia. Waliingiza kwa makusudi kelele za redio ndani ya kibanda kilichokingwa: wakapotea tena. Walihamia nje ya mji, kusiko na mitambo mingi, bila bati lolote: njia ikaonekana. Wanafunzi walipokezana majaribio hayo bila kuambiwa waya umeunganishwa au la. Kuchomoa waya mmoja na kuacha kila kitu kama kilivyo, kwangu mimi, ndicho kilele cha ufundi wote huu.

Ilichukua miaka 7 hadi jarida la *Nature* kuchapisha matokeo, Mei 2014. Mawimbi yanayosumbua ni ya takriban kilohezi 50 hadi megahezi 5, yakiwamo ya redio za AM na yanayovuja kwenye vifaa vya umeme, nayo ni dhaifu mara elfu nyingi kuliko uga wa dunia. Simu za mkononi na nyaya kubwa za umeme hazimo katika masafa hayo, ingawa ndizo zinazolaumiwa kila siku mitaani. Ukisikia mtu anatangaza madhara ya sumaku au mawimbi kwa viumbe, muulize kwanza alichomoa waya gani, na nani aliyesoma michirizi.