Canto, cantó: jedwali la kusomwa kwa sikio

Sarufi ya Kihispania, iwe ya zamani au iliyotoka chapani jana, haikosi ukurasa ambao kitenzi kimoja cha kawaida kimetandazwa chote. Wengine huchagua amar, wengine hablar. Mimi nachukua cantar, kuimba. Nafsi sita zinashuka kutoka juu hadi chini, njeo zimepangwa ubavu kwa ubavu, na dhamira zinagawana ukurasa. Tukihesabu maumbo ya neno moja peke yake, bila kitenzi kisaidizi na bila amri, zipo safu 9 zenye nafsi 6 kila moja, yaani maumbo 54. Wanafunzi huyakariri safu kwa safu, o, as, a, amos, áis, an, mpaka ulimi uzoee. Kukariri hakuna ubaya. Ila ukurasa ule una umbo, na umbo hilo linastahili kusomwa kama tunavyosoma shairi: vina viko wapi, mizani inakaaje, na ni wapi utungo umelegea.

Vina havijifichi. Nafsi ya pili umoja inaishia kwa s: cantas, cantabas, cantarás, cantarías, cantes. Sisi tunaishia kwa mos popote tulipo. Wao wanaishia kwa n. Mpangilio huu unashika katika safu zote, isipokuwa mahali pamoja: wakati uliopita uliokamilika, ambapo wewe unapata cantaste, bila s. Wasemaji wengi wa Kihispania huiongeza hiyo s kwa nguvu, wakasema cantastes, na walimu huwakemea. Mimi nawaonea huruma wanaokemewa. Masikio yao yamesikia kina kinachokosekana, wakakijaza.

Sasa tuingie ndani ya neno. Katika aliimba, Mswahili anaziona kazi zimegawanywa: a- ni nafsi, -li- ni njeo, kisha mzizi, kisha irabu ya mwisho. Ukitaka kubadili wakati, unachomoa -li- na kuchomeka -ta-, mengine yote yanabaki palepale. Chukua cantó, yaani aliimba. Mzizi ni cant-. Kilichobaki ni irabu moja, ó, na hiyo peke yake imebeba nafsi ya tatu, umoja, wakati uliopita, ukamilifu wa tendo na dhamira arifu. Hakuna unachoweza kuchomoa. Irabu hiyo ikiguswa, vyote vitano vinahama kwa pamoja.

Tena huhitaji hata kuibadilisha irabu yenyewe. Hamisha mkazo tu. Canto, mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza, ni naimba. Cantó, mkazo ukiwa mwishoni, ni aliimba. Herufi ni zilezile, sauti ni zilezile, ila mimi nimekuwa yeye na leo imekuwa jana. Wala si ajali ya mahali pamoja. Cante ni umbo tegemezi, niimbe au aimbe. Canté ni niliimba. Cantara ni umbo la sharti, la jambo ambalo halipo. Cantará ni ataimba, ahadi kabisa. Jedwali zima limefumwa kwa jozi za namna hii, na jedwali lilivyochapwa linazificha, kwa sababu kila mmoja wa jozi amewekwa safu yake, mbali na mwenzake.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoingia mtegoni kuliko wengi. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka unasogea nalo: imba, imbeni, imbianeni. Unatuonyesha neno linapoishia. Haujui lolote kuhusu jana na kesho. Tunayo barabara ya magari na barabara ya kusema sawasawa, tunazitofautisha kwa mkazo, lakini hizo ni za kuhesabu kwa vidole, na hakuna inayogusa njeo. Kihispania nacho, kwa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s, kina desturi hiyohiyo ya silabi ya pili kutoka mwisho. Alama ile ndogo juu ya irabu huwekwa neno linapoivunja desturi. Kwa hiyo Mswahili anayesoma bila kuijali alama hiyo hatasikika kama mgeni mwenye lafudhi ya ajabu. Atasikika vizuri sana, na atakuwa amesema jambo jingine: kila aliimba itageuka naimba. Wenyewe huiacha alama hiyo wanapoandikiana ujumbe kwa simu, wakategemea muktadha. Wanayo haki hiyo, maana sikio lao limeshakamilisha kazi.

Mfano mkali kuliko yote hautoki kwenye ushairi, unatoka mahakamani. Kihispania kina wakati ujao wa dhamira tegemezi, cantare, ambao katika mazungumzo ya kawaida umekufa zamani. Umebaki kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu ya Hispania ya mwaka 1995, katika kifungu cha 138 kinachohusu kuua, inamtaja mkosaji kwa umbo matare: yule atakayemuua mwingine. Matar ni kitenzi cha kawaida kama cantar. Peleka mkazo mwishoni, upate mataré, nitaua. Sheria na tishio vimetenganishwa na silabi moja iliyokazwa.

Mkazo una mwendo wake pia ndani ya safu moja. Katika wakati uliopo unakaa kwenye mzizi kwa mimi, wewe, yeye na wao: canto, cantas, canta, cantan. Kwa sisi na ninyi unaruka kwenda kwenye mwisho: cantamos, cantáis. Katika cantaba hauruki. Unaing'ang'ania ile a inayofuata mzizi kuanzia nafsi ya kwanza hadi ya sita, hata neno linaporefuka kuwa cantábamos na mkazo kujikuta kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Isome safu hiyo kwa sauti: inabembea, haina haraka, na maana yake ndiyo hiyohiyo. Ni wakati uliopita wa mazoea, wa tendo lililokuwa likiendelea.

Sasa tuzipe kazi njeo mbili za jana, cantaba na cantó. «Rosa cantaba cuando llamó el cartero»: Rosa alikuwa akiimba mleta barua alipobisha hodi. Badilisha neno moja: «Rosa cantó cuando llamó el cartero»: mleta barua alipobisha, ndipo Rosa akaimba. Katika sentensi ya kwanza wimbo ulikuwepo kabla ya hodi, na huenda uliendelea baada yake. Katika ya pili hodi ndiyo iliyouleta. Kiswahili kinahitaji kuwa na -ki- kwa upande mmoja, ndipo na -ka- kwa upande mwingine. Kihispania kimemaliza kwa -aba na -ó. Sisemi kimeshinda. Nasema kimeuweka uzito wote pale ambapo msikilizaji akipitiwa kidogo tu, hadithi imempotea.

Wakati ujao una kovu linaloonekana. Cantaré, cantarás, cantará: kila umbo linaanza na cantar nzima, ile inayopatikana kwenye kamusi, kisha linafuata jambo dogo. Jambo hilo ni kitenzi haber, kuwa na, katika wakati uliopo: he, has, ha. Wazee wa lugha walisema nina kuimba, mpaka maneno mawili yakashikana. Katika Kihispania cha zama za kati kiambata cha mtendwa kiliweza bado kupenya katikati yao, ushahidi kwamba mshono ulikuwa haujafunga. Sisi tunaijua njia hiyo. Kiambishi -ta- kina uhusiano na taka, na kitenzi kizima kinajitokeza tena tukisema atakayeimba au atakapoimba.

Aliyelisoma jedwali hili kwa jicho kali kuliko wote ni Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas mwaka 1781, aliyefanya kazi yake kubwa nchini Chile. Mwaka 1841 alichapisha huko Valparaíso uchambuzi wa njeo za kitenzi cha Kihispania, na mwaka 1847 sarufi aliyoikusudia kwa matumizi ya watu wa Amerika. Aliyatupa majina yaliyorithiwa kutoka Kilatini, akaipa kila njeo jina linaloeleza mahali inaposimama. Cantaba akaiita co-pretérito, inayokwenda sambamba na jambo lililopita. Cantaría akaiita pos-pretérito, inayokuja baada ya jambo lililopita. Jaribu: «Rosa dijo que cantaría», Rosa alisema kwamba ataimba. Sisi tunaiacha -ta- kama ilivyotoka kinywani mwake. Kihispania kinautazama wakati ujao kutoka jana, na kwa mtazamo huo kina safu nzima. Akademia ya Kihispania, iliyoanzishwa Madrid mwaka 1713, imewahi kuiweka cantaría chini ya dhamira ya peke yake. Leo imo ndani ya dhamira arifu, pale alipoiweka Bello, na shule za Mexico zinaendelea kufundisha kwa majina yake. Uhakiki ulioandikwa katika neno moja la kubandika juu ya safu ni jambo adimu.

Kwenye dhamira tegemezi Mswahili anapumua. Canta inakuwa cante, kama anaimba inavyokuwa aimbe. «Quiero que cantes», nataka uimbe. A imekwenda, e imekuja, pale pale mwishoni. Raha hiyo inadumu mpaka ufike kwa comer, kula, na vivir, kuishi: come inakuwa coma, vive inakuwa viva. Kwa makundi hayo mengine mawili ya vitenzi mchezo umegeuzwa. E haina maana ya kutamani katika Kihispania. Maana iko katika kubadilishana, kila kundi likivaa irabu ya jirani yake. Ni ufundi wa kupendeza, na unamchosha mwanafunzi.

Ufundi huo unafanya mambo mazito. «Busco a una mujer que canta boleros»: ninamtafuta mwanamke fulani, yupo, ninamjua, naye huimba bolero. «Busco una mujer que cante boleros»: natafuta mwanamke wa kuimba bolero, yeyote, kama yupo. Irabu moja, ikisaidiwa na ile a iliyodondoka baada ya busco, imeamua kama mtu yupo duniani au yumo kwenye haja yangu tu. Vivyo hivyo «cuando canta», kila aimbapo, na «cuando cante», atakapoimba: kwa kuwa wimbo huo haujatokea, Kihispania hakikubali kuuarifu.

Katika sentensi za sharti, nakipa Kiswahili alama zaidi. Rosa angeimba, ningecheza: -nge- huku, -nge- kule, mizani sawa. Kihispania kinasema «si Rosa cantara, yo bailaría», pande mbili, mavazi mawili. Tena cantara ina pacha wake, cantase, anayefanya karibu kazi ileile. Zilitoka katika njeo mbili tofauti za Kilatini zikakutana njiani, na kule Amerika -ra ndiyo inayotawala. Jedwali linazichapa zote mbili kana kwamba zina nguvu sawa.

Na mahali palipolegea? Cantamos ni tunaimba na pia tuliimba, bila tofauti yoyote. Cantaba ni mimi na yeye, ndiyo maana yo hurudishwa haraka penye utata. Cantáis na cantad zinajaza nafasi katika vitabu vya Amerika ambako watu husema ustedes cantan. Wakati huohuo vos cantás, lugha ya kila siku ya Argentina na Uruguay, mara nyingi haimo kwenye jedwali kabisa, ingawa ndiyo inayothibitisha hoja: cantas na cantás zimetengana kwa mkazo peke yake.

Mwalimu wa Kihispania mwenye darasa la Waswahili aliache jedwali hilo ukutani kwa ajili ya marejeo. Ubaoni aandike canto na cantó, cante na canté, cantara na cantará, na asiseme njeo zinaitwaje mpaka darasa zima liweze kuzitofautisha likiwa limefumba macho.